Waliokata Jina la Mzee Yakub

Nasike alianza kukusanya majalada kwa sababu ya njugu.

Ilikuwa siku ya soko Bungoma, mwaka wa 1998, na mama mmoja alimfungia njugu za shilingi kumi katika karatasi kuukuu. Nasike alizitafuna akirudi nyumbani Mabanga, na zilipokwisha akaikunjua ile karatasi aitupe. Mkono ukakataa. Lilikuwa jalada la jarida la zamani la wakulima, *Ghala Letu*, toleo la Machi 1962. Mwanamke amepiga magoti anapukuchua mahindi, mtoto amelala mgongoni mdomo wazi, na kuku mmoja mwekundu amenyoosha shingo kuelekea gunzi kama jirani anayechungulia barua isiyo yake. Picha ilikuwa imechorwa kwa mkono, rangi tatu tu, lakini Nasike aliapa kwamba alisikia punje zikidondoka kwenye ungo.

Kesho yake alirudi sokoni. "Mama, hizi karatasi unatoa wapi?"

"Si ni za marehemu mzee wangu," mama wa njugu akamjibu. "Aliacha gunia mbili. Mimi nafungia watu tu."

Nasike aliyanunua magunia yote mawili. Panya walikuwa wameshakula sehemu yao, ila alitoa majalada saba mazima. Mengine aliyapata polepole, kama mtu anayeokota kuni njiani. Matatu aliyapata Myanga kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa ameyatandika ndani ya sanduku la nguo. Mawili yalikuwa yamegandishwa kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa jikoni ya bibi mmoja, na Nasike alikaa pale kuanzia asubuhi hadi saa tisa akiyalowesha na kuyabandua, mwenye jiko akimcheka. Miaka sita ilipopita alikuwa na majalada ishirini na matatu, kila moja ndani ya fremu ya mbao na kioo, yamejaza sebule yake. Kulikuwa na fahali aliyekataa kuvuka mto, wanaume wanne wanamsukuma kwa nyuma naye anatazama pembeni kama jambo halimhusu. Kulikuwa na bwana harusi anayepanda maharagwe akiwa na suti, kwa sababu mvua ilikuwa imechagua siku ile ile.

"Mama Tonny, ukuta umeisha," mumewe Mukhisa alimwambia. "Sasa ukipata ingine utanining'iniza mimi inje."

Nasike alicheka, lakini hakupunguza hata moja. Alikuwa karani wa ofisi ya kilimo, mchana kutwa anapiga chapa barua za watu wengine. Jioni alipenda kukaa na watu wa ukutani.

Jambo moja tu lilimkera. Chini ya kila picha, upande wa kulia, kwenye ukanda mweupe wa pambizo, palikuwa na herufi mbili ndogo kama mbegu za wimbi: Y.S. Ndani ya jarida walitajwa watu wote. Alitajwa mhariri, Bwana Tapley, mlowezi wa Kitale. Alitajwa mpiga chapa. Alitajwa hata aliyewauzia wino. Mchoraji hakutajwa popote.

Jibu lilimjia mwaka wa 2004, bila kulitafuta. Alikuwa amepeleka fremu moja kwa fundi wa vioo karibu na msikiti wa Bungoma, na mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, aliyekaa kwenye benchi akisubiri adhana, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi.

"Hiyo S ni yangu," akasema.

"Pardon, Mzee?"

"Hiyo S. Tazama mkia wake unavyopinda. Maalim alinichapa chuoni kwa ajili ya mikia kama hiyo, na sikuiacha."

Ndivyo Nasike alivyomjua Mzee Yakub Salman. Maduka mengi ya Bungoma yalikuwa yamewahi kubeba herufi zake kwenye mabango, kabla mtoto wa jicho hajamfunika jicho moja na kuanza kulinyemelea la pili. Kabla ya hapo, akiwa kijana, alikuwa amefanya kazi miaka kumi Kitale kwenye kiwanda cha chapa cha Tapley, kilichokuwa nyumbani kwake. Aliajiriwa kama tarishi wa kubeba barua na kuchemsha chai. Mwezi mmoja picha ya jalada ilichelewa kufika kutoka Nairobi, naye akachora yake kwa penseli ya karani. Ikachapwa. Kuanzia siku hiyo kila jalada lilikuwa lake, lakini kwenye vitabu vya ofisi aliendelea kuwa tarishi.

"Nilimwomba aandike jina langu," Mzee Yakub alisema. "Akaniambia, tarishi hachori. Nikamwomba basi herufi mbili, nje ya picha, pale pembeni. Akafikiri siku tatu. Akasema haya, mbili, na ziwe ndogo."

Jumapili iliyofuata Nasike alimchukua kwa boda boda ya baiskeli hadi Mabanga. Mzee alizunguka sebule nzima taratibu, uso wake ukipita kila kioo kwa karibu. Alipofika kwa yule mwanamke wa mahindi alisimama.

"Huyu ni marehemu mke wangu," akasema. "Na huyo aliyelala mgongoni ni Fardosa."

Fardosa alikuwa binti yake, mwanamke wa miaka arubaini na mitatu, muuza vitambaa pale mjini, ambaye Nasike alikuwa akinunua lesi kwake bila kujua kwamba anamwona kila jioni akiwa mchanga. Mzee akaomba maji. Akanywa, akaketi, akatazama ukuta.

"Nilidhani zimeishia kwa kufungia njugu," akasema.

"Zilikuwa karibu, Baba," Nasike akajibu. Tangu siku hiyo alimwita Baba.

* * *

Sasa sikieni kilichofuata, maana ndicho kilichomfanya Nasike asikike hadi barabarani.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2005 alitembelewa na Phelista. Walikuwa wamelala kitanda kimoja shule ya bweni, wakagawana sabuni na siri. Maisha yalimpandisha Phelista: aliolewa Kitale, mumewe akanunua nyumba kubwa ya mawe ambayo zamani ilikuwa ya mlowezi, na sasa walikuwa wanaigeuza hoteli. Mlowezi huyo alikuwa Tapley.

Phelista aliingia sebuleni, akashika kifua. "Nasike wangu! Kumbe hizi ndizo zilichapiwa kwetu? Nipatie kumi na mbili tu. Wiki tatu, siku ya kufungua wageni waone, halafu nakurudishia na fremu mpya, za maana."

Nasike alisita. Alifikiri kwanza amwulize Mzee Yakub. Halafu akawaza jambo lililompendeza zaidi: asimwambie kitu, ampeleke siku ya ufunguzi, mzee aingie kwenye nyumba ile ile alikochemshia chai na akute kazi yake imetundikwa mbele ya wakubwa. Furaha ya wazo hilo ikamziba masikio.

"Lakini jina la aliyechora liandikwe," akasema, akamsimulia habari ya yule tarishi. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: YAKUB SALMAN, MCHORAJI, BUNGOMA. Phelista akaisoma, akaikunja, akaitia mkobani.

"Lazima, bana! Wewe unanionaje?"

Jumamosi moja ya Julai, Nasike na Mzee Yakub walifika Kitale saa tano asubuhi. Mzee alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi. Njiani Nasike alikuwa amemwambia tu kwamba rafiki yake anafungua hoteli na kuna kitu cha kumwonyesha. Walipoiona nyumba, mzee alisimama langoni.

"Huku mimi nilikuwa naingilia nyuma," akasema.

"Leo tunaingilia mbele, Baba."

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye suti na glasi mikononi. Nyama ilikuwa inachomwa uani. Na ukutani, kwenye fremu pana za rangi ya dhahabu, zilikuwa zile picha. Nasike aliona kwa mbali zinavyong'aa. Akamshika mzee mkono. "Enda uone, Baba. Enda karibu."

Mzee Yakub alitambua kabla hajafika. Hatua zake zikawa za haraka kuliko umri wake. Akasogeza uso kwa fahali wa mtoni, akatabasamu, halafu macho yake yakashuka chini, kulia. Akakaa hapo. Akahamia picha ya pili, akainama pale pale, pembeni. Ya tatu. Ya nne. Akageuka.

"Nasike, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Macho yangu yamezidi kuharibika, au hazipo?"

Nasike alisogea. Hazikuwepo. Ukanda mweupe wote wa pembeni ulikuwa umekatwa. Juu, jina la *Ghala Letu* lilikuwa limekatwa pia pamoja na mwezi na mwaka, na paji la uso la bwana harusi lilikuwa limeenda nalo. Fremu zilikuwa za mraba, majalada marefu, basi majalada ndiyo yaliyonyolewa yaenee. Na chini ya kila fremu kulikuwa na kibati cha shaba kilichoandikwa vizuri: *Mchoraji: A. J. Tapley.*

Nasike alisoma kibati cha kwanza. Akasoma cha pili, kana kwamba cha pili kingekuwa na aibu. Miaka saba ya kulowesha karatasi ukutani, ya kupuliza vumbi, ya kuziba matundu ya panya, na mtu mmoja mwenye makasi amemaliza kazi kwa mchana mmoja! Na si karatasi tu. Yule mlowezi alikuwa amemnyima mzee jina alipokuwa hapa. Sasa, miaka mingi baada ya kuondoka, alikuwa anapewa hata zile herufi mbili.

"Phelista!"

Watu waligeuka. Phelista alikuja na tabasamu lake, vito vinalia mkononi. "Nasike wangu! Mmefika. Mbona unaita hivyo kama tuko shamba?"

"Hii ni nini?" Nasike alikuwa amekiwekea kibati kidole. "Nilikupa jina kwa karatasi. Niliandika na mkono yangu."

"Hiyo karatasi sijui niliweka wapi, haki. Lakini si unaelewa? Punguza sauti." Phelista akamsogelea. "Wageni wanapenda hadithi. Mzungu alikaa hapa, akapenda watu wa hapa, akawachora. Hiyo wanaelewa. Sasa nikiwaambia ni tarishi, nani atalala kwa hoteli ya tarishi?"

"Aliyechora ndiye huyu! Amesimama hapa!"

Bwana mmoja mwenye tai, aliyekuwa karibu, akamtazama Mzee Yakub toka kofia hadi viatu. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama watu wa ofisini wanavyouliza. "Mzee, uko na ushahidi?"

"Ushahidi ulikuwa hapo chini ya picha," Mzee Yakub akasema. "Wameukata."

Phelista akacheka kicheko cha kupitisha mambo. "Mzee wetu, karibu chakula kwanza. Tutaandika kijikaratasi, tuweke hapo kando—"

"Nani alikata?" Nasike akauliza.

Mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango wa jikoni, bisibisi mfukoni, aliinua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa Kipruto, fundi wa fremu. "Ni mimi, mama. Nilipewa fremu na nikapewa vipimo. Niliuliza, na haya maandishi? Nikaambiwa kata."

"Na vipande viko wapi?"

Kipruto aliangalia chini. "Niliwashia jiko la kuchemshia gundi."

Nasike hakungoja tena. Alivua viatu, akapanda kiti cha velveti, akaanza kuteremsha fremu. Ya fahali. Ya bwana harusi. Ya msichana anayepima mvua kwa mkebe. Alizipanga mezani kati ya glasi za watu, na watu wakaokota glasi zao upesi. Phelista aliita mlinzi wa lango. Mlinzi alikuja, akasimama, hajui ashike nini.

"Nishike tu," Nasike akamwambia kutoka juu ya kiti. "Twende polisi, halafu mdosi wako aeleze hizi ni za nani. Mimi niko na mashahidi Bungoma nzima. Phelista, nilikuazima! Ulikuja kwangu ukakunywa chai yangu, nikakuazima!"

"Nasike, unaniaibisha mbele ya watu."

"Wewe ulikuwa umeniaibisha kitambo. Mimi nimechelewa tu kufika."

Kipruto alikuja bila kuitwa. Akatoa bisibisi, akaanza kufungua vibati kimoja kimoja na kuviweka kwenye sahani. "Hiki kibati ni cha hoteli," alisema, hamtazami mtu. "Picha ni ya mama."

Walihesabu kumi na moja. Nasike aliangalia ukuta, akaangalia meza, akatafuta yule mwanamke wa mahindi. Hakuwepo.

"Hiyo tulimpatia mgeni wa heshima," Phelista akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Alikuwa na haraka ya kurudi Nairobi. Aliipenda sana."

Nasike aliona mabega ya Mzee Yakub yakishuka chini ya lile koti jeusi. Mzee aligeuka, akatoka nje, na hakutoka kwa mlango wa mbele. Miguu yake yenyewe ilimpeleka nyuma.

Nasike alimkuta uani, karibu na tangi la maji. Alianza kumwaga maneno: atamshtaki Phelista, ataandika gazetini, atafanya hivi, atafanya vile. Mzee alimwacha amalize.

"Huyo mwanamke hanijui," akasema. "Na mzungu, yeye tulikwisha malizana zamani. Lakini wewe unanijua, Nasike. Umekuja kwangu, umekula kwangu. Picha ya mke wangu imetoka ukutani kwako ikaja huku. Mbona hukuniuliza?"

Hasira aliyokuwa nayo Nasike, kubwa kuliko nyumba ile, ilitafuta pa kwenda ikakosa. Alitaka kusema kwamba alikuwa anamwandalia furaha. Akaona jinsi neno hilo lilivyo jepesi.

"Nilikosa, Baba," akasema.

Walirudi Bungoma na fremu kumi na moja zimefungwa kwa shuka mbili za hoteli, ambazo Kipruto alizileta mwenyewe na ambazo Nasike hakuzirudisha.

* * *

Fardosa hakulia aliposikia. Alikuwa anakunja kitambaa, akamaliza kukikunja.

"Mama yangu hana picha nyingine," akasema. "Siku zile nani alikuwa na kamera? Ile ya kuku ndiyo uso wake. Mimi sikuwahi hata kwenda kuiona kwako, nikisema nitaenda, nitaenda. Sasa nielekeze hiyo hoteli."

"Phelista hatakupa jina la huyo mtu. Nimempigia simu mara nne."

"Sikusema naenda kupiga simu."

Jumatatu Fardosa alifunga kibanda chake, akabeba chupa ya chai na mfuko wa kufuma, akaenda Kitale. Nasike alichukua likizo ya siku tatu wakaenda pamoja. Waliingia kwa mlango wa mbele, wakakaa kwenye kochi la mapokezi. Kila mgeni aliyeingia na mzigo wake, Fardosa alimwamkia kwa heshima. "Habari yako, ndugu yangu. Mimi simo kwenye kazi ya hapa. Nasubiri picha ya marehemu mama yangu, iliazimwa ikapewa mtu." Halafu akaendelea kufuma. Hakutukana. Hakupandisha sauti. Nasike, ambaye alikuwa amepanga matusi ya siku tatu, ilibidi ayameze yote, na hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Siku ya kwanza Phelista alipita bila kuwatazama. Siku ya pili alituma chai. Fardosa alishukuru, akanywa ya chupa yake. Wageni wakaanza kuuliza maswali mezani. Mzungu mmoja, mwanamke mzee, aliketi na Fardosa saa nzima akisikiliza, kisha akaenda mapokezi akadai aelezwe. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Phelista alikuja akasimama mbele yao, akaweka kadi yenye nambari ya simu juu ya meza.

"Chukueni," akasema. "Mmenimalizia biashara."

"Haijaisha," Fardosa akajibu, akikunja ufumaji wake. "Hoteli ni nzuri. Choo chenu ni kisafi sana."

Mgeni wa heshima, alipopigiwa simu, alikasirika mno, si kwa Fardosa bali kwa kupewa kitu cha wizi mbele ya watu. Picha ilifika Bungoma baada ya wiki moja kwa basi, imefungwa ndani ya mto wa kulalia. Ilikuwa imekatwa kama nyingine. Kuku alikuwa amepoteza mkia. Uso wa mama ulikuwa mzima, na kinywa cha mtoto wazi vile vile. Fardosa aliitazama muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa nalala vibaya hivi," Fardosa akasema. Ndipo akalia.

* * *

Picha hiyo Nasike hakuirudisha Mabanga. Ilikwenda chumbani kwa Fardosa. Na zile nyingine, hata zile ambazo hazikuwahi kuazimwa, Mzee Yakub alikuja kuziulizia mwenyewe mwezi wa Septemba.

"Baba, nikuletee kalamu?" Nasike alimwuliza. "Uandike tena zile herufi kwa hizi zilizokatwa?"

"Niliandika mara moja," mzee akasema. "Sitaandika tena kama mtu anayeomba. Lakini nina ombi. Hapa kwako zinaonwa na wewe na Mukhisa. Mimi nataka zionwe na watu."

Ilimuuma Nasike. Alitazama kuta zake, akajua zitabaki na misumari mitupu. Mara hii alikuwa ameombwa, na aliyeomba alikuwa mchoraji mwenyewe. Alisema ndiyo, na hakusema ndiyo ya mdomo tu, ingawa usiku wa siku zilipoteremshwa alikaa na kuta nyeupe kama mgeni hospitalini, Mukhisa akimzungukia kimya, hana mzaha hata mmoja.

Walizitundika katika hoteli ya chai karibu na msikiti, majalada ishirini na mawili, ya fremu za dhahabu na ya fremu za mbao pamoja, yaliyokatwa na yaliyopona. Nje Mzee Yakub aliegemeza ngazi. Jicho lake halikuona tena vitu vidogo, lakini herufi yenye urefu wa mkono aliiona vizuri, na hakuna aliyethubutu kumshikia ngazi asipotaka. Alifanya kazi siku mbili. Bango lilisema:

PICHA ZA HUMU NDANI NILICHORA MIMI, YAKUB SALMAN. ASIYEAMINI AINGIE ANIULIZE.

Watu waliingia. Wengi walikuja kucheka wakaagiza chai ya pili. Wakulima wa zamani walikuja kutafuta miaka yao. Nasike alipitia kila jioni baada ya kazi, na kila mara alisimama mbele ya zile zilizonyolewa, hasira ikamrudia mbichi, akahitaji kukaa chini.

Jioni moja alimkuta mkulima mmoja kutoka Myanga, mzee Wabwile, amesimama mbele ya fahali wa mtoni, fimbo kwapani, hajaridhika.

"Ni wewe urichora hii?" Wabwile akauliza.

"Ni mimi," Mzee Yakub akajibu, na Nasike akasogea, tayari kwa vita.

"Basi urikosea. Mimi nirikuwa na hii *Ghara Retu* kutoka ya kwanza. Ng'ombe ya kwetu pembe haiendi hivyo. Hii ni pembe ya Karamoja."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, rakini ng'ombe najua."

"Mimi nilikuwepo," Mzee Yakub akasema, akavuta kiti. "Ilikuwa mto Nzoia, mwaka wa sitini na moja, na ng'ombe alikuwa wa mtu wa Karamoja, kweli. Kaa. Nani amekufundisha pembe?"

Wabwile aliketi, akaweka fimbo juu ya meza, akaagiza chai ya wawili bila kuuliza, na wakaanza kubishana.